Kama ni Njema, Bonyeza Moja

Neno lenyewe Wambura alilipata dukani kwa Nelius, na alilipata kwa kunong'ona, maana wanaume wawili walikuwa wamekaa juu ya kreti za soda mlangoni wakitafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha kama miraa.

"Yale maji mazito yanayotoka kwa kidonda," aliuliza kwa Kimbeere. "Yale ya kunuka. Kwa Kiswahili yanaitwaje?"

Nelius alikuwa amewahi kufanya kazi ya nyumba Mombasa kabla ya kuolewa huku. Aliacha kupima sukari.

"Usaha."

"Usaha."

"Ni Igoki?"

"Nauliza tu," Wambura akasema, akachukua chumvi yake akatoka.

Njia yote alilirudia lile neno, asije akalipoteza kabla ya asubuhi. Usaha, alipovuka mchanga wa mto uliokauka. Usaha, alipowafukuza mbuzi waliokuwa wameingia kwenye ndengu za watu. Asubuhi ndiyo simu ya hospitali ilikuwa ikija, na safari hii alitaka kusema vizuri, kama mtu aliyekwenda shule.

Nyumbani joto la mabati lilikuwa limeshuka mpaka kitandani. Igoki, bintiye, alikuwa amelala chali, magoti yameinuliwa, leso imefunguliwa tumboni kwa sababu hata uzito wa leso ulimuumiza. Mtoto mchanga alikuwa pembeni yake, ametulia kwa namna ambayo Wambura hakuipenda. Maziwa ya Igoki yalikuwa yamekatika homa ilipoanza. Sasa mtoto alipewa ya mbuzi, yaliyochanganywa na maji yaliyochemshwa.

Wambura aliyeyusha chumvi kwenye maji moto, akachovya kitambaa, akaanza pale pale alipoanza kila siku, upande wa kulia, ambako mshono ulikuwa bado umeshikana. Alipofika upande wa kushoto alizuia pumzi. Nyuzi zilikuwa zimefumuka, ngozi imekuwa nyekundu na ngumu kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa, na katikati palikuwa na mdomo mdogo uliokuwa ukitema.

"Kunanuka zaidi?" Igoki akauliza.

"Ni jua tu."

"Uliwaambia kuhusu harufu?"

"Niliwaambia. Kesho nitawaambia tena."

Walipotolewa hospitalini, huko Embu mjini, wodi ilikuwa na akina mama wawili kwa kila kitanda. Muuguzi alipita na kifaa chake cha kioo mkononi akiwaruhusu wote waliokuwa wamepasuliwa. Hakuwa mkali. Alionekana mtu ambaye hajaketi tangu asubuhi. Aliandika nambari ya simu ya Wambura, akasema siku hizi hakuna haja ya watu kujazana wodini, kuna huduma mpya inayoitwa Salamu. Tutawapigia kila asubuhi kuwauliza habari ya mgonjwa. Kukiwa na shida mtaitwa. Msije kabla ya kuitwa, maana mtu asiyeitwa anarudishwa.

Wambura alifurahi. Zamani kulikuwa na mwanamke wa kijiji, mhudumu wa afya, aliyepita nyumba kwa nyumba na mfuko wake wa dawa, akiangalia wazazi na watoto. Salamu ilipokuja, yeye na wenzake waliambiwa wapumzike. Lakini kupigiwa na hospitali yenyewe! Hilo lilikuwa jambo la heshima. Hakuna aliyewahi kumpigia Wambura simu kila siku kumjulia hali, hata mwanawe mkubwa aliyekuwa Thika.

Nyumba yao haikuwa na mtandao. Ili kuupata ilibidi kupanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya boma la mbuzi na kusimama upande unaotazama vilima vya Kiang'ombe. Hapo ndipo Wambura aliposimama kila jua lilipoanza kuuma, simu yake ndogo ya mulika mwizi mkononi, leso imefungwa vizuri kama mtu anayetarajia wageni.

Simu ikalia.

"Hujambo," ikasema ile sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, ya Kiswahili cha watu wa pwani, kisicho na haraka. "Hapa ni Salamu, huduma ya hospitali yako. Habari ya mgonjwa wako? Kama ni njema, bonyeza moja. Kama si njema, bonyeza mbili."

Wambura alijua namba. Hakuwa mjinga wa namba. Lakini alijua pia adabu, na adabu aliijua kwanza. Mtu akikusalimu unaitikia. Hata kama nyumba inaungua, unasema njema, kisha unasema, ila nyumba inaungua. Anayeanza na moto kabla ya salamu ni mtu aliyelelewa vibaya. Tena habari isiyo njema ilikuwa na maana yake. Jioni redio ya lugha yao ilipotangaza habari zisizo njema, kila jina lililofuata lilikuwa la marehemu. Kusema habari ya mtoto wako si njema, naye bado anapumua, ni kumchimbia kaburi kwa mdomo wako mwenyewe.

Kwa hiyo siku ya kwanza aliitikia. Alibonyeza moja, akasema, "Njema, mama. Ila huyu binti yangu anachemka mwili." Sauti ikajibu, "Asante. Mgonjwa aendelee kupumzika. Kwaheri," na simu ikakatika. Wambura alidhani ni mtandao. Siku iliyofuata alisema kwa haraka zaidi. Ikakatika tena. Ndipo akajaribu kueleza yote kwanza kabla ya kubonyeza chochote, na yule mama akamwacha aseme, aseme mpaka mwisho bila kumkatiza, halafu akasema kwa upole, "Samahani, hatujapata jibu lako."

Hajaelewa, Wambura aliwaza kwa aibu. Ni Kiswahili changu. Nasema maji mazito, nasema kitu cheupe, nani ataelewa? Ndiyo sababu alikwenda kwa Nelius.

Sasa, juu ya kichuguu, alikuwa na neno.

"Kuna usaha," akasema kwa sauti, akilitamka kila herufi. "Usaha, mama. Upande wa kushoto. Na homa. Na hana maziwa."

Upepo ulipita kwenye mihogo.

"Samahani, hatujapata jibu lako. Kama ni njema, bonyeza moja."

Ni kweli, hakuwa ameitikia. Alikuwa amerukia shida kama mtu anayemvamia mwenzake mlangoni. Akabonyeza moja.

"Asante. Mgonjwa aendelee kupumzika. Kwaheri."

Aliporudi ndani Igoki alikuwa amegeuza uso kumtazama. Macho yake yalikuwa makubwa, yaking'aa vibaya.

"Walisema nini, mami?"

"Walishukuru. Wanasema uendelee kupumzika."

"Hawakusema tuende?"

"Wakituhitaji watatuita."

Igoki alikuwa amemaliza kidato cha nne, ndiye aliyewasomea majirani barua zao, lakini hakuwahi kuisikia simu ile, maana hangeweza kupanda kichuguu.

"Ni nani hukupigia?"

"Mama mmoja wa pwani. Ana adabu sana."

"Sema vile husema. Neno kwa neno."

Wambura akasimama katikati ya nyumba, akajaribu hata kuilegeza sauti yake ifanane na ile nyingine. Hujambo. Hapa ni Salamu. Akaenda mpaka mwisho, mpaka kwaheri.

"Na jana alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Na juzi?"

"Si nimekwambia ana adabu? Habadiliki."

Igoki akafumba macho. "Mami. Huyo si mtu."

"Si mtu ni nini?"

"Ni sauti imeshikwa. Kama ya redio."

"Redio haiulizi mtu habari ya mtoto wake."

Igoki akaanza kucheka, kicheko kidogo, kikamfika tumboni, akashika godoro kwa mikono yote miwili mpaka kikapita. Kilipopita alisema, "Ulibonyeza nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu ilipoanza ile kazi ya kupanda kichuguu, Wambura alihisi uchovu wa miguu yake.

"Niliitikia salamu," akasema.

Alirudi juu ya kichuguu akajaribu kuipiga ile nambari. Ilisema haipokei simu. Wambura akaenda mbio barabarani kumtafuta Nthiga.

Nthiga alikuwa jirani, na alisafirisha muguka hadi mjini kwa Probox, gari ambalo kila mtu alilijua kwa vumbi lake. Muguka haungoji, ukinyauka ni majani ya mbuzi, na Nthiga aliendesha hivyo. Siku ile aliyasawazisha magunia nyuma ya gari, wakamlaza Igoki juu yake kwa kuwa yalikuwa yamelowekwa maji na yalikuwa baridi. Alipunguza mwendo kwenye kila shimo. Kila alipopunguza alimtazama kwenye kioo, kisha alimtazama Wambura aliyempakata mtoto.

Dirishani hospitalini alikuwa kijana mmoja, Hezekiah, jina lake limening'inia kifuani.

"Mmeitwa?"

"Tumekuja," Wambura akasema.

"Hiyo naona. Nauliza, Salamu imewaita?"

"Hapana. Lakini binti yangu..."

"Nambari ya simu."

Akaitaja. Hezekiah akabonyeza, akasoma, kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akageuza kompyuta yake ili mama aone mwenyewe. Kulikuwa na mstari wa vitone vidogo vya kijani, vimepangana kama shanga.

"Unaona? Kijani, kijani, kijani. Hata leo asubuhi. Mgonjwa anaendelea vizuri. Ni wewe mwenyewe umesema, shosho."

"Alinisalimu nikaitikia."

"Ulibonyeza moja."

"Ndiyo kuitikia. Halafu nikamweleza kuna usaha."

"Ukamweleza nani?"

"Yule mama wa simu."

Hezekiah alimtazama. Mdomo wake ulianza kucheka, akauzuia, ukamshinda. "Shosho, hiyo ni mashine. Haisikii maneno. Inasikia vidole tu."

Mtu wa nyuma kwenye foleni akacheka pia. Mwingine akasema, "Watu wa Mbeere nao!" na yule wa kwanza akacheka zaidi.

"Basi sasa nakuambia wewe," Wambura akasema. "Wewe una masikio."

Kicheko kikakoma. Hezekiah akakuna shingo. "Mimi si daktari, shosho. Kaa hapo kwa benchi."

Kwenye benchi Igoki aliegemea ukuta. Doa lilikuwa limepenya leso na sasa lilikuwa likipenya ya pili. Watu waliokaa karibu waliinuka mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake, mpaka wakabaki wawili peke yao na mtoto. Hiyo nafasi tupu ndiyo iliyomwonyesha muuguzi mahali pa kuja. Aliitwa Gatwiri, mwanamke wa Meru wa makamo, viatu vyake vimekanyagwa visigino. Alichuchumaa mbele ya Igoki, akaifunua leso.

"Wewe, unajisikiaje?"

"Niko sawa, sista," Igoki akasema.

"Usiniambie uko sawa!" Gatwiri alipiga kelele, na ukumbi wote ukageuka. "Wote mnakuja hapa mkiwa mizoga na mko sawa! Nani aliwafundisha?" Kisha akamfunika Igoki taratibu, akaondoka kwenda dirishani, na Wambura akawasikia.

"Huyu ni wa dharura. Fungua faili."

"Sistimu inasema kijani."

"Hezekiah, nusa."

"Nimenusa, sista. Nifanye nini? Nikifungua dharura juu ya kijani inakataa. Ona. Inakataa. Inataka neno la siri la Munene."

"Mpigie."

"Nimempigia. Wako kwa warsha. Ile ya wageni."

Munene ndiye aliyekuwa msimamizi wa mawasiliano wa hospitali. Siku hiyo alikuwa kwenye hoteli moja upande wa mlimani, akiwaonyesha wageni waliotoka mbali jinsi Salamu inavyofanya kazi, na simu yake ilikuwa imezimwa ili isimkatize.

Gatwiri akampigia daktari. Wambura hakusikia upande wa daktari, alisikia wa Gatwiri tu. Ndiyo, daktari. Najua itakufikia ikiwa nyekundu. Si nyekundu, ndiyo maana napiga. Daktari, mimi namwona kwa macho. Kwa macho yangu. Ndiyo. Najua ulionywa kwa kupokea wagonjwa kwa mdomo. Najua. Sawa, daktari.

Alikaa na ile simu mkononi baada ya kukatika. Halafu akaenda kwenye duka la dawa la hospitali, akarudi mikono mitupu, kwa sababu dawa haikutolewa bila faili. Akaenda wodini kuomba kwa wenzake, akarudi na chupa moja ya dripu na sindano aliyoificha kwenye mfuko wa aproni kama mwizi. Alimchoma Igoki pale pale kwenye benchi, chupa ikaning'inizwa kwenye msumari wa kalenda.

"Mama," akamwambia Wambura, bila kumtazama, "ungebonyeza mbili."

"Mbili ni ya maiti," Wambura akasema.

Gatwiri akainama, akairekebisha dripu. Huenda kwao pia ilikuwa hivyo.

Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Watu waliitwa kwa nambari zao, wakaingia, wakatoka. Igoki aliacha kulalamika, na Wambura, ambaye alikuwa amewahi kuona mbuzi wakiacha kulalamika, alianza kumsemesha kwa nguvu. Alimwambia habari za ndengu. Alimwambia Nelius ameleta leso mpya.

"Mtoto amekula?" Igoki akauliza.

"Ameshiba."

Mtoto alikuwa hajala tangu walipoondoka nyumbani. Wote wawili walilijua.

Warsha ilipoisha Munene aliwasha simu yake, akaona alivyotafutwa, akapiga mara moja. Hakuchelewa hata kidogo. Alilitamka neno la siri kwenye simu, Hezekiah akaliandika, na kile kitone cha mwisho kwenye mstari kikageuka kuwa chekundu.

Hapo ndipo watu walipokimbia. Wambura hakujua kwamba hospitali ile ilikuwa na watu wengi namna hiyo. Walitoka kwenye milango aliyodhani ni ya stoo. Kitanda cha magurudumu kikaja, daktari akaja akivaa glavu huku akitembea, mtu akasema damu, mwingine akasema chumba kiko tayari, na mikono ikamwinua Igoki kwa ustadi na kwa haraka, kama watu waliokuwa wameketi nyuma ya ukuta siku nzima wakingoja waambiwe rangi. Daktari alikuwa kijana, na alipofunua leso uso wake ulibadilika. "Huyu amekuwa wapi?" akauliza. Mlango ukafungwa.

Igoki hakutoka tena kwenye mlango ule. Walimtoa kwa mlango mwingine, wa nyuma.

Munene aliwapokea ofisini mwake siku ya kuchukua mwili, Wambura na mtoto mgongoni, Nthiga amesimama kando akishika kofia. Alikuwa mtu msafi, mwenye sauti ya chini. Alimsalimu Wambura kwa Kiembu, akamvutia kiti mwenyewe, akampa pole, na Wambura aliona kwamba pole hiyo ilikuwa ya kweli. Hilo lilimchosha kuliko kama angekuwa mkali.

"Mama, kila mzazi akifariki, sheria inatutaka tukae tuulize, alichelewa wapi? Si kulaumu mtu. Ni kujifunza." Akaweka mikono mezani. "Kuna kuchelewa kwa aina tatu. Kwa kwanza ni nyumbani, familia inapokosa kutambua hatari. Kwa pili ni barabarani. Kwa tatu ni hapa kwetu. Sasa huyu binti yetu, tumekaa na wakubwa, tukamweka kwa kuchelewa kwa kwanza."

"Nyumbani," Wambura akasema.

"Nyumbani. Hospitali iliwauliza kila siku. Kila siku mkasema ni njema."

Nthiga akakohoa. "Bwana, mimi ndiye nilimleta. Nilimleta asubuhi, muguka ukiwa bado na maji. Amekaa kwa benchi mpaka wangu ukanyauka sokoni. Hiyo ni kuchelewa kwa ngapi?"

"Hiyo ingekuwa kwa tatu," Munene akasema, akikubali kwa kichwa, kama mwalimu aliyeulizwa swali zuri. "Ila sistimu inahesabu kutoka faili inapofunguliwa. Faili ilifunguliwa jioni. Mgonjwa alipokelewa jioni hiyo hiyo. Hakuna kuchelewa hapo, kwa kweli walikuwa wepesi sana."

"Na kabla ya hapo alikuwa wapi?" Wambura akauliza.

"Kabla ya hapo?"

"Hiyo siku yote. Kwa hiyo mashine yako. Alikuwa wapi?"

Munene akageukia kompyuta yake, akatazama, kwa sababu alikuwa mtu wa kujibu anachoulizwa.

"Alikuwa nyumbani," akasema. "Anaendelea vizuri."

Mtoto alijinyoosha mgongoni, kisigino chake kikamgonga Wambura ubavuni. Nthiga alikuwa ameikunja kofia yake mpaka haikuonekana tena kuwa kofia.

"Lakini tumechukua hatua," Munene akaendelea, kwa upole zaidi. "Kifo chake hakitaenda bure. Tumeanza kuwaelimisha wananchi. Hata sasa, hapo nje."

Mochari haikuwa tayari. Nthiga alikwenda kulisogeza gari, na Wambura akaambiwa angoje ukumbini na akina mama wengine wa kliniki. Palikuwa pamejaa. Mwanamke mmoja mwenye mguu uliofungwa bandeji alisogea akampa nafasi, akamsaidia kumshusha mtoto mgongoni. Mbele alisimama msichana mwenye fulana ya manjano iliyoandikwa Salamu, kipaza sauti mkononi.

"Hamjambo, akina mama?"

"Hatujambo!" ukumbi ukaitikia. Aliitikia mwanamke aliyeshika ndoo ya kutapikia. Aliitikia mzee aliyekuwa na mrija puani. Aliitikia mama aliyembeba mtoto mwenye macho yaliyogeuka juu. Waliitikia wote kwa pamoja, na msichana akatabasamu.

"Sasa leo nataka kuwafundisha kujibu simu. Ikisema kama si njema, unabonyeza nini?"

Sauti chache. "Mbili."

"Sijasikia! Mnajua kuna mama mmoja kutoka huko chini Mbeere, mtoto wake yuko kwa kitanda anaoza, yeye anabonyeza moja. Kesho, moja. Kesho kutwa, moja. Mpaka mtoto akafa."

"Ai!" ukumbi ukasema. Watu wakafyonya. Mtu mmoja akasema, "Mama gani huyo?" Mwingine, "Huyo si mama." Mwenye bandeji alitikisa kichwa, akaendelea kumbembeleza mtoto aliyekuwa mapajani pake.

"Ujinga ni ugonjwa kuliko ugonjwa," akamwambia Wambura kwa sauti ya chini. "Mtu anamuua mtoto wake kwa kidole." Kisha akamwinua mtoto, akamtazama usoni. "Na huyu ni mrembo. Ni mjukuu?"

"Ni mjukuu."

"Mama yake yuko wapi?"

Wambura alitazama mlango wa mwisho wa korido, ambako mwanamume mwenye buti za mpira alikuwa ametokea akiwa na funguo mkononi, akitafuta mtu kwa macho.

"Wanamtoa," akasema.

"Leo?"

"Leo. Nimekuja kumchukua."

"Oo!" Uso wa yule mwanamke ukafunguka kwa furaha. Alimshika Wambura mkono, akaubana. "Wengine tunaingia na hatutoki. Mungu ni mwema, mama."

Akangoja. Kila mtu kwenye ule ukumbi alijua jibu la maneno hayo, yalisemwa kila Jumapili kanisani, na jibu ni kwamba ni mwema kila wakati. Mwanamume wa funguo alikuwa ameanza kuja upande wao. Mbele, msichana wa fulana ya manjano alikuwa akiwaambia waseme tena, wote, kwa nguvu.

"Mungu ni mwema," yule mwanamke akarudia kwa sauti zaidi, akimwinamia Wambura sikioni, akidhani hakusikia.